Mabati ya Mrigha

Kila asubuhi, kabla wageni hawajapewa chai, mlima wetu huchanwa ndevu.

Wageni hujipanga nje ya jiko na kuweka kwenye kapu la mianzi kila cha chuma walicho nacho: funguo, mikanda, saa, vibanio vya nywele. Hakimu mmoja mstaafu kutoka Dodoma aliwahi kutoa hata meno yake ya bandia kwa kuwa yalikuwa na waya, akachana ndevu kutwa nzima, kibogoyo, mwenye furaha kuliko wote. Kisha Namkunda, mpwa wangu na msimamizi wa shamba, huwagawia vitana vya mbao virefu kama mkono, akawaongoza mpaka Kooni.

Kooni ni pale mlima unapoinama kidogo kati ya vilele viwili. Upande wetu unaitwa Ikongwe, upande wa pili ni Mrigha. Ukungu hauna pengine pa kuvukia. Hupita hapo kama watu wanaotoka kanisani, wote kwa mlango mmoja. Na hapo, kwenye miti mikubwa arobaini, ndipo nilipopandikiza ndevu zangu. Ni za kijivu, zinaning'inia kutoka matawini hadi kifuani pa mtu. Ukizichana, maji yanatiririka kwenye mifereji ya mianzi. Ukitega sikio unazisikia zikivuma, mvumo mwembamba kama wa jokofu lenye afya.

Mvumo huo ndio umeme wetu.

Na majokofu nayajua. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa fundi wa majokofu ya chanjo, zahanati baada ya zahanati, Same hadi huku juu. Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu nilifungua jokofu lililokufa katika zahanati ya Ikongwe, nikakuta kuvu imehamia kwenye nyaya zake. Ilikuwa inakunywa umande wa jokofu, na kila ikinywa inatoa chaji kidogo, ilinitekenya kidole. Mwingine angeipangusa kwa kitambaa. Mimi niliibeba nyumbani kwenye kopo la majani ya chai, nikailea pamoja na ndevu za miti, zile zinazoota huku kwetu kwenye kila tawi kuukuu, mpaka zikaoana. Kitone cha ukungu kinakuja na chaji yake, unywele unakivuta kwa chaji iliyo kinyume, maji yanashuka kwenye mfereji, na umeme unasafiri kwenye kamba ya katani iliyopakwa makaa. Nguzo za umeme wa taifa zilishaacha kupanda milimani tangu nikiwa kijana. Kwa hiyo tulipowasha taa ya kwanza pale zahanati, mganga alizima, akawasha, akazima, akawasha, mpaka nikamwambia aiache ipumzike.

Adui wa ndevu ni mmoja tu: chuma kilichogusa udongo. Kinazinyonya chaji yote na kuimwaga ardhini. Ndevu hazifi, zinalala tu, na ukungu unapita kana kwamba pale hapana mti. Ukitoa chuma, zinaamka. Jambo hilo niliwaeleza wageni mara elfu, nikiwa nimewashikia kapu la funguo. Nililijua kuliko mtu yeyote duniani, na ndilo nililolipinda.

*

Mbonea alifika asubuhi moja ya Septemba wakati wageni wanakula makande. Huyu ni mume wa dada yangu Nakijwa, na baba mzazi wa Namkunda. Pia ni mlinzi wa ndiva ya Mrigha, lile bwawa la mawe na udongo ambalo babu zao walilijenga ili maji ya chemchemi yajikusanye humo na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, shamba moja baada ya jingine. Mlinzi ndiye anayepiga pembe na kuzibua. Alikuwa amevaa viatu vyake vya mpira, na tope lililokuwa juu yake lilikuwa kavu, la zamani.

Wakati huo mimi nilikuwa katikati ya hadithi. Nilikuwa nawaambia wageni kwamba zamani ukungu wa Ikongwe ulikuwa mzito kiasi kwamba siku moja niliuegemezea baiskeli nikaingia kunywa chai. Nilipotoka, ukungu umeinuka na baiskeli yangu. Ilirudi baada ya siku mbili, kengele imejaa umande, na gurudumu la mbele limeota uyoga.

"Wa kula au wa sumu?" Mbonea aliuliza, akivuta kiti.

"Tuliupika. Aliyeula alipata safari ya ghafla."

Wageni wakacheka. Namkunda alimwekea baba yake sahani, akasimama nyuma yake na birika la chai mkononi, mkono mwingine begani kwake.

"Sikuja na njaa, shemeji," Mbonea alisema, akala sahani mbili. Alimtazama mgeni mmoja aliyekuwa akipepea malengelenge ya jembe viganjani. "Hawa wanakuja kulima kwa hiari yao?"

"Kwa hiari, baba," Namkunda alisema. "Na wanaweka nafasi miezi mitatu kabla."

"Basi mwakani nileteeni ishirini. Nitawafundisha na kufua." Akasukuma sahani. Uso ulikuwa umebadilika. "Shemeji, nimekuja na swali. Ndiva inajaa robo. Mwaka juzi ilijaa nusu. Tangawizi imekauka ikiwa ardhini, ukiivuta unang'oa nyuzi. Chemchemi zetu hazinywi mvua, zinakunywa ukungu unaodondoka msituni, hilo hata mtoto anajua. Na ukungu hatuuoni. Ingekuwa ni mtu ametuibia, sisi ni Wapare, tungejua kesi tuipeleke wapi. Lakini ukungu unaushtaki kwa nani? Wewe ndiye fundi wake. Umepotelea wapi?"

Katika mfuko wa koti langu kulikuwa na kipima. Ni kidude kidogo nilichokuwa nimekifunga mwaka wa kwanza upande wa Mrigha wa Kooni, ili nijue ndevu zangu zinakamata kiasi gani na kinachovuka ni kiasi gani. Mwaka wa kwanza, katika sehemu mia za ukungu, sitini zilivuka. Mwaka wa tatu, ishirini. Nilipoona ishirini nilikifungua, nikawa nakipandisha mwenyewe, nasoma, nakirudisha mfukoni. Asubuhi ile kilikuwa kimesoma nne.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa matano tu: ndevu zangu zinakula ukungu wenu. Lakini wageni walikuwa wananitazama wakisubiri kuchekeshwa, na Namkunda alikuwa ameshika birika nyuma ya baba yake, msimamizi wa shamba zima, binti wa Mrigha, hajui kitu. Nikafungua mdomo, ukatoka ule mdomo mwingine.

"Mrigha mna nyumba ngapi za bati?" nikauliza.

"Zote. Mia na arobaini."

"Umeona kapu la funguo pale mlangoni?"

"Nimeliona."

"Ufunguo mmoja ukigusa udongo unatosha kuharibu chaji ya mti mzima. Mmoja. Sasa fikiria mapaa mia na arobaini, na kila paa lina bomba la kushusha maji mpaka ardhini. Ukungu ukifika Kooni unanusa chuma chenu, unageuka."

Nilisema kwa sauti ileile niliyokuwa nikiwaelezea wageni jinsi ndevu zinavyofanya kazi, kwa mikono ileile. Uongo mzuri ni kama makande. Mahindi ni ya kweli, maharage ni ya kweli, chumvi tu ndiyo yako. Ningemtajia mizimu, Mbonea angenitupia kijiko. Lakini nilimtajia chaji.

Nilidhani atacheka hata hivyo. Hakucheka.

"Na majembe?" aliuliza.

"Na majembe."

"Na sindano za kushonea?"

"Hata sindano," nikasema, na wageni wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Mbonea alikuwa akihesabu kitu kwa vidole. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, shemeji. Ungekuwa mtu mwingine ningesema anatania."

*

Nilipanda kwenda Mrigha baada ya wiki saba. Vuli ilikuwa imekuja mara moja tu, dhoruba ya mchana mmoja, kisha mbingu ikafunga mlango. Namkunda alinipa sukari na sabuni za mama yake. Yeye alikuwa na kundi la wageni kutoka Nairobi hawezi kuondoka.

Nilipita Kooni katikati ya ndevu zangu zikivuma. Hatua ishirini mbele yake mkangaga ulikuwa wa rangi ya tumbaku. Nilishika jani moja, likabaki unga mkononi.

Kisha nikaiona Mrigha kwa chini, na kwa muda sikujua ninatazama nini. Kijiji kilikuwa kimevuliwa kofia. Mapaa yote yalikuwa makenchi matupu, mengine yamefunikwa migomba, mengine mkangaga, mengine hayajafunikwa. Hapakuwa na kitu kilichong'aa kutoka mwanzo wa bonde hadi mwisho.

Nakijwa alikuwa nje ya nyumba yake, anachimba mtaro kwa kijiti. Ni mdogo wangu kwa miaka sita. Alipoinuka alishika kiuno.

"Karibu, kaka. Usijikwae, huo ni mlango wetu." Mlango ulikuwa umelazwa chini, bila bawaba.

"Bawaba nazo?"

"Ulisema chuma chote." Akafuta mikono kwenye kanga. "Tunashona kwa miiba ya mchungwa. Tangawizi iliyobaki tunakata kwa ukucha wa mwanzi. Wanaume wamefuga ndevu kwa kukosa nyembe, mchungaji anafanana na miti yako."

Nilitoa sukari. Nilimuuliza juu ya dhoruba ile.

"Ilikuwa mvua nzuri," alisema. "Nzuri kweli. Tulisimama nje tukaitazama inavyopita. Matangi yalikuwa makavu, paa la migomba halikingi maji, linayavujishia kitandani. Nilitandaza mkeka nikapata ndoo moja na nusu." Alisema bila kulalamika, kama anayenipa taarifa niliyoiomba. "Lakini Mbonea alisema tuvumilie, ulisema chuma kwanza kiondoke. Ndiva tumeifukua kwa miti. Msaragambo wa siku mbili umechukua wiki tatu."

Msaragambo ni ile kazi ambayo kila nyumba hutoa mtu, na asiyekuja anatozwa na kusemwa mpaka ajute. Alinipeleka kuona. Ukingo wa ndiva ulikuwa umepigwa safi, unaonyesha alama za vijiti elfu kwa elfu, na ndani yake mlikuwa na dimbwi lenye ukubwa wa meza. Mbuzi mmoja alikuwa anakunywa katikati. Kando, mteremko mzima ulikuwa udongo mpya uliotifuliwa.

"Ndiyo mabati," Nakijwa alisema. "Tumeyazika kwa kina kidogo, ukungu usije ukayanusa."

Nilitazama udongo ule. Kule juu kulikuwa na miti arobaini, na dawa yake, bati moja kwa kila mti, lililochomekwa chini, ilikuwa imelala hapa chini ya miguu yangu. Walikuwa nayo juu ya vichwa vyao miaka yote. Mimi ndiye niliyewaambia waizike.

"Familia kumi na moja zimeshateremka tambarare," alisema. "Mimi naondoka Jumamosi. Mbonea haendi. Anasema mlinzi wa ndiva anaondoka wa mwisho." Tulikuwa tumerudi mlangoni, kifurushi chake kilikuwa ndani, kimeshafungwa kwa kanga, chungu cha udongo juu yake. "Kaka, ukungu ukirudi sisi tumeshaondoka, utuite. Wewe una sauti."

Nilisema nitamwita. Nilikunywa chai yake, iliyopikwa kwa maji ya mkekani. Nikarudi Ikongwe na maneno yangu matano yakiwa bado mazima, hayajatumika hata moja.

*

Siku iliyofuata, Alhamisi, wakati wageni wako bustanini wanang'oa karoti, niliweka kipima mezani mbele ya Namkunda. Nilimwambia ni nini. Nikamwambia kimesoma ngapi, mwaka gani hadi mwaka gani.

Hakukigusa. Alisoma ile nne kwa muda mrefu.

"Ulijua tangu lini, mjomba?"

"Mwaka wa tatu."

"Mwaka wa tatu ndipo uliponileta hapa kazini."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo miaka sita ninawapikia wageni kwa maji ya mama yangu."

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nayo tangu zamani, nimeyapanga kama vipuri. Nilimwambia kwamba tukizilaza ndevu za Kooni tutabaki na miti kumi na mbili ya uani, na hiyo haiwezi kubeba vyote viwili: ama nyumba za wageni, ama jokofu la zahanati lenye insulini na chanjo za vijiji vitano. Nilimwambia kuhusu watu kumi na tisa wanaofanya kazi shambani. Nilimwambia kwamba nilikuwa nasubiri ndevu za uani zikue, labda miaka miwili, labda minne, halafu ningefungua Koo polepole na hakuna ambaye angeumia. Nilimwambia kwamba usiku huwa silali.

"Jokofu," Namkunda alisema.

"Nini?"

"Libaki jokofu. Nyumba za wageni zizimwe. Atakayekubali koroboi abaki, atakayekataa tumfungashie karoti zake." Akachukua birika, akajimiminia chai, akapuliza. Kitu nilichokiogopa miaka sita alikimaliza kabla ya chai kupoa. "Wageni na wafanyakazi nitawaambia mimi leo. Wewe kesho uende Mrigha."

"Twende wote. Ukiwa nami watanisikia."

"Nikiwa nawe watasema mtoto anamtetea mjomba." Aliinuka. Mlangoni akageuka, macho yamejaa ila sauti haikutetemeka. "Na usiende na hadithi, mjomba. Baiskeli yako iache hukohuko juu."

*

Ijumaa nilimkuta Mbonea ukingoni mwa ndiva. Nilimwomba apige pembe. Hakuniuliza sababu, alinitazama tu kwanza, kisha akapiga. Watu walikuja, labda sitini, wengi walidhani maji yamepatikana.

Nilisema maneno matano. Baada yake nikasema na mengine: kwamba chuma hakifukuzi ukungu, kwamba kinyume chake chuma kikichomekwa Kooni kitazilaza ndevu na ukungu utavuka, kwamba mabati yafukuliwe, arobaini yapandishwe, yaliyobaki yarudi mapaani kabla mvua nyingine haijaja. Nilisema wazi kwamba nilidanganya, na kwamba nilijua ninadanganya.

Mama mmoja mtu mzima, Bi Naelijwa, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe lake la kusubiria zamu ya maji, akacheka.

"Kiondo," alisema, "Septemba chuma kinafukuza ukungu. Leo chuma kinauita. Kesho utakuja kutuambia wamechumbiana."

Watu wakacheka. Nikasema huu ndio ukweli. Wakazidi kucheka.

"Wageni wako wamekutuma, eh?" kijana mmoja alisema. "Mabati yetu yakapambe shamba lako?"

"Safari hii sisemi hadithi."

"Ndivyo ulivyosema kuhusu fisi aliyejifunza kufungua jokofu," Bi Naelijwa alinijibu. Akasimama kwa shida, akashika ile fimbo aliyofukulia ndiva, ncha yake imeliwa mpaka karibu na mkono. "Nimechimba hapa wiki tatu na mti huu. Mjukuu wangu amelala kwenye maji. Unataka kuniambia ilikuwa bure? Nenda nyumbani, Kiondo. Vumilia na sisi tuvumilie. Ukungu utakuja."

Waliondoka mmoja mmoja. Hawakuwa na hasira hata. Hasira ningeijua pa kuiweka.

Nakijwa alikuwa amebaki. Yeye ndiye aliyekuwa dada wa mwongo tangu mwongo akiwa na miaka sita, akaniona nilivyosimama, akaamini.

"Namkunda anajua?"

"Tangu jana."

"Hakujua kabla?"

"Hakujua. Naapa."

Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Alikwenda nyumbani, mara akatoka na kifurushi chake kichwani, akapita mbele yangu na kushika njia ya tambarare. "Basi Jumamosi iwe leo," alimwambia mumewe.

Tukabaki wawili. Mbonea alikaa ukingoni, pembe magotini.

"Nilianza kujua wiki ya pili," alisema. "Bati la mwisho limefukiwa, nikapanda Kooni asubuhi na mapema kuukaribisha ukungu. Nikakaa upande wetu. Nikauona unakuja upande wenu, mweupe, mnene, unaingia kwenye ile miti. Hautoki. Nilikaa mpaka jua likawa kali."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Walikuwa wanachimba. Wanaimba. Tangu ndiva ianze kupungua walikuwa wamekaa tu mlangoni wanaangalia barabara. Wewe uliwapa kosa, shemeji, na mtu mwenye kosa ana la kufanya. Nikasema nikiwaambia watakaa tena chini, na wakikaa wataondoka." Akaiweka pembe kando. "Uongo wako nimeuchunga kama ng'ombe wa jirani. Sasa wote wawili tumekula maziwa yake."

Nilishuka kwenye mteremko nikapiga magoti, nikaanza kufukua kwa mikono. Udongo ulikuwa laini juu, mgumu chini. Mbonea alinitazama. Nilipofika kwenye bati la kwanza kucha mbili zilikuwa zimeng'oka, na nilipolivuta lilitoka nusu, upepo wa bonde ukalishika, likanikunja na kuniangusha nalo. Bati halibebwi na mtu mmoja. Kila fundi wa paa anajua, na kila mzee angepaswa kujua.

Upande wa pili ukainuka. Mbonea alikuwa amelishika.

"Nina sharti," alisema. "Kutoka hapa mpaka juu, usiseme neno. Hata moja. Ukisema naachia."

Tulipanda. Kutoka Mrigha hadi Kooni ni saa moja na nusu kwa mtu mwenye miguu, na sisi tulikuwa na miaka mia na arobaini kwa pamoja, na bati. Lilitoa milio. Lilitaka kuruka kila tulipofika kwenye kona. Njiani nilijiwa na vitu vinne vya kusema, kimoja kizuri mno, juu ya mzee aliyeteremka mlima huu juu ya bati kama kijiko juu ya ugali, akafika sokoni kabla ya kivuli chake. Nilikimeza. Kilikuwa kigumu kumeza kuliko nilivyofikiri, na nilitambua kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kunyamaza saa moja na nusu mbele ya mtu niliyemuumiza.

Kooni, ndevu zilikuwa zinavuma. Ukungu wa alasiri ulikuwa unaingia kutoka upande wetu. Tuliliegemeza bati kwenye mti wa kwanza, tukalizungushia ndevu, Mbonea akalikanyaga mguu kwa mguu mpaka likazama kwenye tope.

Mvumo wa mti ule ulishuka, ukashuka, ukakata. Nimesikia majokofu mengi yakifa. Yote yalinisikitisha. Hili nililisikia kwa namna nyingine.

Ukungu ulifika kwenye mti, ukasita kwa mazoea, ukapita. Utepe mmoja mwembamba, upana wa mti mmoja. Ulivuka Koo, ukaanza kuteremka taratibu juu ya mkangaga uliokufa. Nilitoa kipima. Nne. Tulisubiri. Nne. Kisha tano.

Nilimwonyesha Mbonea. Alikisoma, akafuta jasho.

"Tumefika juu," alisema. "Sasa unaruhusiwa kusema."

Kutoka pale unaiona njia ya tambarare yote. Nakijwa alikuwa kwenye kona ya tatu, mdogo kama punje, kifurushi kichwani. Nilikuwa nimeahidi, naye alisema nina sauti. Niliweka mikono mdomoni nikaita jina lake, nikaita kwamba ukungu umerudi, umerudi, rudi. Bonde lilibeba sauti yangu hadi kule, niliiona inavyomfikia. Alisimama. Aliteremsha kifurushi, akakiweka chini, akakaa nacho kidogo bila kugeuza kichwa. Alipumzika kama mtu yeyote anayepumzika. Kisha akakiinua, akaendelea.

Mimi pia nisingegeuka.

Mbonea alikuwa ameshaanza kuteremka kurudi Mrigha. Alisimama kwenye njia, mgongo kwangu, akanisubiri nimfikie.

"Njoo," alisema. "Yamebaki thelathini na tisa, na sharti ni lilelile."